Taa ya Kuzamia ya Mkwe Wangu

Vijana wanaopita kibandani kwangu hapa Nyaramba husoma kibao, hucheka, kisha huniita bibi kwa lugha yetu na kuuliza swali lile lile: "Magokoro, bahari iko wapi?"

Siwalaumu. Upande mmoja wa kibanda ni duka la mbolea, upande wa pili ni mama wa ndizi, na katikati kuna kibao kinachosema TAA ZA KUZAMIA HUTENGENEZWA HAPA. Mgeni akiinua macho anaona chai tu, kilima baada ya kilima. Lakini maji hayapo baharini peke yake. Viwanda vya chai vina mabwawa. Mashule yana visima. Machimbo ya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kuchongea vinyago, hujaa mvua mpaka juu. Na kila penye maji mengi, siku moja kitu kitakwama huko chini, na mtu atalazimika kukifuata. Mtu huyo anahitaji taa.

Kibao bado kipo, lakini mimi nimeacha kazi sasa. Mikono bado iko sawa, ila macho yameanza kuona waya moja kama waya mbili. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaotaka kuanza, na nawaomba msiogope. Kazi hii si ngumu. Inataka tu mtu asiyekasirika upesi. Nitawaambia niliyoyajua, na katikati ya maneno nitawasimulia siku moja kwenye bwawa la kiwanda, siku ambayo niliyaelewa yote kwa pamoja. Msiisahau siku hiyo, kwa sababu aliyekuwa anaingia majini ni mume wa binti yangu.

Ufundi nilijifunzia Nyamache, kwa mzee mmoja aliyetengeneza redio. Tulimwita Tata, kama tunavyomwita kila mwanamume wa rika la baba zetu. Nilikwenda kwake na redio mbovu ya nyumbani, nikakaa kwenye benchi kungoja, nikawa naangalia mikono yake. Jioni akaniambia, "Wewe mama hukuja kuchukua redio. Wewe umekuja kuchukua kazi." Nikarudi wiki iliyofuata.

Tata hakufundisha kwa kutoa amri. Ukikosea, alikuuliza swali, akaenda kununua chai. Ukimwona amekawia kurudi, ujue kosa ni kubwa.

Redio zilipopungua tukahamia tochi. Balbu za zamani za waya mwembamba zilikuwa zinakula betri kama ndama anavyonyonya, na ukiangusha tochi imekwisha. Zilipokuja LED tukafurahi kama watoto. Kijidude kidogo kama punje ya mahindi, na chumba kizima kinaangaza! Lakini ukitaka kuzitumia, jambo la kwanza la kujua ni joto. Mwanga unatoka mbele, joto linatoka nyuma, na joto hilo lisipopata pa kwenda, LED inafifia na mwishowe inakufa. Kwa hiyo iwekeni juu ya bamba nene la alumini, na bamba hilo liguse mwili wa taa kabisa, lisiachane nao hata kidogo. Taa ya kuzamia ina bahati kwamba maji yenyewe huipoza. Ndiyo maana usiijaribu kwa muda mrefu ikiwa mezani. Washa, tazama, zima. Nimeunguza nyingi kwa kuwaringishia wateja.

Sasa niwaeleze jinsi nilivyoingia majini, maana mimi siwezi hata kuogelea.

Binti yangu Kerubo aliolewa na Okoth, kijana wa kando ya ziwa. Okoth alifunzwa kupiga mbizi huko kwao, akikagua mabomba na nguzo za magati. Baada ya kuoa wakaja kuishi huku juu, akawa anaitwa na viwanda na mashule: ndoo imezama, pampu imekabwa, chujio limeziba. Taa yake ilikuwa ya balbu ya zamani, ya kununuliwa, na ilikuwa inavuja. Siku moja Kerubo akaniletea.

"Mama, Baba Moraa anauliza kama unaweza kuiwekea LED."

Baba Moraa ndivyo tunavyomwita Okoth, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Na hapa lazima niwaeleze kitu kimoja, hasa ninyi mliokulia mjini. Sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani haya na heshima kati ya wakwe. Mama mkwe hamwoni mkwewe akiwa hajavaa vizuri. Maneno ya mwili hayazungumzwi kati yao. Tumeingia kanisani, tumeingia shule, tumeingia hata kwenye simu, lakini chinsoni tumeingia nayo huko kote. Kwa kina Okoth pia mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Kwa hiyo fikirini: mimi natengeneza taa ya mtu anayefanya kazi akiwa na kaptula peke yake, na sina ruhusa ya kwenda kumtazama akiitumia.

Tulifanyaje? Okoth alikaa nje kwenye kigoda, akiangalia migomba. Mimi nilikaa ndani, nikiangalia meza. Kerubo alisimama mlangoni.

"Muulize kama mwanga unatosha," nikasema.

"Mama, nasikia," Okoth akajibu kutoka nje. "Unatosha, ila mkanda wa taa una shida kidogo."

"Shida gani?"

Nikasikia kigoda kikilia chini yake.

"Kerubo, muulize ni shida gani."

Kerubo akatoka, wakanong'ona, akarudi akijizuia kucheka. "Mkanda unamkata pale."

"Pale wapi?"

"Mama. Pale."

Nikaelewa. Mkanda tukauhamishia mkononi, na hatukulizungumza tena. Kerubo akatuambia, "Ninyi wawili mnasikiana vizuri kabisa. Mimi hapa ni mlingoti wa simu?"

Lakini nawaambia, ile heshima ilinifanya fundi bora. Fundi anayeweza kwenda kuangalia huamini macho yake. Mimi ilibidi nisikilize. Nilimfanya Okoth aeleze kila kitu: maji yana rangi gani, mkono uko wapi, kidole kinafika kwenye swichi au hakifiki, glavu ni nene kiasi gani. Hata nyinyi msio na mkwe majini, muulizeni mtumiaji hivyo hivyo. Anajua zaidi ya anavyodhani.

Kosa letu la kwanza lilikuwa mwanga mwingi. Nilimwekea LED moja, akasema sawa. Nikaweka tatu, nikijisifu. Nikaweka nyingi zaidi, taa ikawa kama jicho la lori. Akarudi kutoka kwenye bwawa akaniambia kutoka kwenye kigoda chake, kwa upole, "Mama, umenipa ukungu."

Sikuelewa mpaka nilipopanda gari la jirani asubuhi moja kuelekea Keroka. Ukungu ulikuwa umefunika barabara, dereva akawasha taa kubwa, na mbele yetu ukasimama ukuta mweupe. Akazipunguza, barabara ikaonekana. Nikapiga paja langu nikasema, "Okoth!" Jirani akadhani nimepatwa na kitu.

Maji ya matope ni ukungu. Kila chembe ya udongo inarudisha mwanga machoni. Hapo hupigani kwa nguvu. Unachukua mwanga mwembamba, uliokusanywa na kikombe kirefu cha kioo, wenye umanjano kidogo, na unaweka hatua mbili za swichi: kali na pole. Halafu taa isikae karibu na uso. Mpiga mbizi ainyooshe pembeni kwa mkono, mwanga uingie kwa ubavu.

Na swichi yenyewe, msitoboe mwili wa taa. Kila tundu ni mlango, na maji hupenda milango. Wekeni ndani ile swichi ndogo inayofuata sumaku, na nje wekeni pete yenye sumaku inayozungushwa kwa kidole. Hakuna waya unaovuka, hakuna tundu.

Kosa la pili, hili nadhani lingeweza kutokea huku kwetu tu, ambako kila boma lina ng'ombe wa maziwa.

Taa hufungwa kwa kifuniko cha nyuzi, na kati ya kifuniko na mwili kuna oringi, ule mviringo mwembamba wa mpira unaozuia maji. Sikuwa nazo za kutosha. Nikakata mviringo kutoka kwenye tyubu ya pikipiki, kazi safi kabisa. Ikatakiwa grisi ya kuulainisha. Nikatazama rafuni: kopo la mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Mazuri, laini, hayanuki vibaya. Nikapaka kwa ukarimu. Taa ikafunga kama mlango wa benki.

Wiki za mwanzo ilikaa vizuri. Kisha siku moja Okoth akiwa kwenye kisima cha shule, hajafika hata chini, taa ikazima. Akapanda kwa kamba salama, nashukuru Mungu. Kerubo aliponiletea taa ilikuwa imejaa maji ya rangi ya chai.

Niliipeleka Nyamache. Tata alikuwa mzee sana wakati huo, lakini pua yake ilikuwa bado kijana. Akafungua kifuniko, akanusa, akanitazama.

"Nyaboke, ulikuwa unatengeneza taa au unakamua?"

Kisha akaenda kununua chai. Akakawia.

Aliporudi nilikuwa nimeshaona. Ule mpira ulikuwa umevimba, umelegea, unanyooka kama ugali ambao haujaiva. Mpira wa tyubu hunywa mafuta. Unakunywa polepole, siku kwa siku, mpaka unasahau umbo lake. Ng'ombe hana shida na mafuta hayo, ila mpira huo unayo. Tangu siku hiyo nilinunua oringi halisi, na grisi ya silikoni, na nikaweka kidogo tu, kiasi cha mpira kung'aa. Grisi haizuii maji. Mpira ndio unaozuia, grisi inausaidia kuteleza na kukaa mahali pake. Kama hujui grisi fulani inapatana na mpira fulani, kata vipande viwili, kimoja kipake, kingine kiache kikavu, viweke dirishani na uvilinganishe baada ya wiki kadhaa. Dirisha litakujibu bila kumzamisha mtu.

Oringi za akiba nilizihifadhi ndani ya mkebe wenye unga wa mawe ya sabuni, ambao wachongaji humwaga tu. Unga huo unafanya mpira usishikane wala kukauka. Lakini kabla ya kuitumia unafuta, unafuta tena, unapitisha oringi kati ya vidole viwili ukiwa umefumba macho. Kidole kinaona chembe ambayo jicho haliioni. Neno hili likumbukeni, tutakutana nalo bwawani.

Kuna pia ukungu wa ndani ya kioo. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na hewa ya baada ya mvua ina maji. Ukifunga taa saa hizo, umefungia mvua ndani. Ikiingia kwenye maji baridi, kioo kinatoka jasho. Mimi nilifunga taa asubuhi yenye jua, mwili wake ukiwa umepashwa moto kidogo karibu na jiko la makaa, na ndani nikaweka kile kipakiti cha chembe kavu kinachokuja kwenye maboksi ya viatu. Wauza viatu wa Magwagwa walinijua. Walikuwa wananiwekea kama watu wanavyomwekea jirani mabaki ya chakula cha kuku.

Na kabla ya yote, jaribio la tishu. Ondoa betri, ondoa LED, weka ndani karatasi kavu ya tishu. Funga taa kama utakavyoifunga siku ya kazi. Ifungie jiwe, ishushe kwa kamba kwenye maji, chini zaidi ya pale mtu atakapofika, iache huko mpaka umalize kunywa kikombe cha chai bila haraka. Ivute, ifute nje, ifungue. Tishu ikiwa kavu, taa yako ni taa. Ikiwa na unyevu hata wa pembeni, bado una mkebe.

Sasa bwawa.

Ilikuwa msimu wa majani mengi ya chai, mvua imenyesha siku nyingi mfululizo. Maji yalibeba nyasi za ng'ombe na matawi, yakajaza mdomo wa bomba la kiwanda. Pampu ikakosa maji, na bila maji hakuna mvuke, na bila mvuke chai haikauki. Majani yalikuwa yamekwisha kuchumwa. Yalijaa kiwandani, yalijaa kwenye vituo vya kununulia, na mengine yalikuwa yangu. Majani yakilala yakiwa yamerundikana hupata joto, hugeuka mekundu, na jasho la wiki nzima la vijiji vizima huenda kumwagwa.

Wakamwita Okoth. Okoth akamwita Kerubo. Kerubo akanikuta kibandani nikiwa nimeifungua taa yote ya mumewe, maana nilikuwa naibadilishia oringi.

"Mama, wanaitaka sasa."

"Haijajaribiwa."

"Gari liko nje."

Nikabeba vipande vyote kwenye beseni, na mkebe wa oringi, nikapanda. Nilichagua oringi garini, nikaifuta kwa kanga, gari likiruka mashimo.

Ukingo wa bwawa ulijaa watu. Wachumaji walikuwa wamekuja na vikapu mgongoni. Okoth alikuwa amesimama kando, bado ana koti refu la mvua, akanisalimu kwa adabu akitazama chini. Nikatoa tishu, nikafunga taa tupu, nikatafuta jiwe.

"Mama, unafanya nini?" akauliza msimamizi wa kiwanda.

"Naipima."

"Majani yanaoza!"

"Najua. Yangu yako humo pia."

Nikaishusha kwenye kona ya bwawa yenye kina. Watu wakaanza. Mwanamke mmoja akasema, "Huyu bibi anavua samaki." Mwingine akajibu, "Mwache, labda ana njaa." Mzee mmoja akaniambia kwa Ekegusii kwamba chai yangu imeniharibikia kichwani. Nilicheka nao, kwa sababu walikuwa na haki ya kuudhika, lakini sikuivuta kamba.

Ninakiri nilitamani kuivuta. Macho yote yale mgongoni ni mazito. Ila nilijua kitu ambacho kelele zile zilikuwa zimekisahau. Pale kwenye mdomo wa bomba kuna matawi na nyasi ndefu zinazofunga mguu. Taa ikizima hapo, mtu hajui juu ni wapi. Na mtu huyo ni baba wa Moraa.

Nilipoivuta na kuifungua, tishu ilikuwa imelowa upande mmoja.

Nikaiinua ile tishu juu waione wote. Yule mwanamke wa samaki akasogea karibu aitazame.

Nikatoa oringi, nikafumba macho, nikaipitisha kati ya vidole. Pale: chembe moja ya unga wa mawe ya sabuni, ndogo kuliko punje ya wimbi, niliyoiacha nikifuta garini. Nikaifuta kwa upindo safi, nikafuta na mfereji inapokaa, nikapaka grisi kidogo, nikafunga, nikashusha tena. Safari hii msimamizi mwenyewe alishika kamba. Mwanamke wa samaki akaniletea chai kutoka kwenye chupa yake, akasema, "Kunywa polepole, mama. Usiharakishe."

Tishu ikatoka kavu kama ya dukani.

Nikarudisha LED, betri, kipakiti cha chembe kavu. Kisha nikaomba ufunguo wa chumba cha pampu. Mtu akiwa kwenye mdomo wa bomba, pampu isiwashwe na yeyote kwa kudhani kazi imekwisha. Msimamizi akanipa, nikaukunja kiganjani. Kerubo akashika kamba ya mumewe. Okoth akaweka mkono kwenye kifungo cha koti, akasita.

Nikakumbuka chinsoni. Nikageuka, nikalipa bwawa mgongo.

"Endelea, Baba Moraa," nikasema, nikiitazama chai mlimani. "Anza na mwanga pole. Mkono pembeni."

"Ndiyo, Mama."

Nikasikia maji yakifunguka na kujifunga.

Watu wote waliangalia bwawa, na mimi peke yangu niliwaangalia watu. Niliona taa ile kwenye nyuso zao. Kwanza walikunja macho wakifuata kitu kinachokwenda mbali. Kisha vidole vikaonyesha, vikahama polepole kuelekea bomba, vikasimama. Hapo nikajua amefika na taa inawaka. Kisha vidole vikashuka, na nyuso zikawa hazina kitu cha kufuata. Mwanamke wa samaki akashika mdomo.

"Kerubo!" nikaita bila kugeuka. "Kamba?"

"Inacheza, Mama. Anafanya kazi. Maji yamechafuka tu, amegusa matope."

Nikabana ufunguo mpaka ukanichora kiganja. Marundo ya nyasi yakaanza kuelea, nikasikia watu wakiyavuta kwa fito. Moja, jingine, jingine. Halafu mzee aliyesema chai imeniharibikia akatabasamu, meno yake machache yote nje, na kidole chake kikanyooka tena. Nikasikia mtu anapumua kwa nguvu majini.

Sikugeuka bado. Nikasikia Kerubo akimfunika, koti likisugua, wachumaji wakipiga vigelegele. Kisha sauti ya mkwe wangu, ikitetemeka kwa baridi:

"Mama, geuka."

Nikageuka. Alikuwa amevaa koti mpaka kidevuni, na juu yake Kerubo alikuwa amemzungushia kanga mbili, moja yake na moja ya mwanamke wa samaki. Kitu pekee kilichobaki nje ni mkono mmoja, na kwenye mkono huo taa ilikuwa bado inawaka, katikati ya mchana, ikimulika viatu vyangu.

"Bado kavu," akasema.

Nikampa msimamizi ufunguo. Tukasimama wote tukisikiliza, mpaka pampu ilipokohoa, ikakohoa tena, ikashika.